Baba amefariki akiwa na deni la kadi ya mkopo, benki inanidai mimi. Nani analipa kisheria?

Binti_Moshono (mleta mada)

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za leo. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa wanasheria na waliowahi kufanya kazi benki.

Baba yetu alifariki mwezi wa tatu, tukamzika nyumbani Marangu. Hapa Arusha alikuwa na shughuli za utalii: magari mawili ya safari, Land Cruiser zile ndefu, na ofisi ya kupanga karibu na Mnara wa Saa. Kwa kuwa kwenye mageti ya hifadhi hawataki pesa taslimu, alichukua kadi ya mkopo benki moja hapa mjini. Analipia viingilio, anajaza mafuta, wageni wakimalizia malipo yao anarudisha. Baadaye akaniombea na mimi kadi ya nyongeza yenye jina langu, ili yeye akiwa Serengeti na wageni mimi niendelee na mambo ya ofisi.

Sasa deni limefika milioni 14 na ushee, na riba inatembea. Ofisa wa kitengo cha madeni ananipigia karibu kila siku. Ameshanitumia karatasi ya makubaliano ya kulipa laki saba kila mwezi, anataka nisaini kabla ya Ijumaa. Anasema mimi ndiye mtoto mkubwa na nilikuwa na kadi, kwa hiyo deni ni langu. Kibaya zaidi alimpigia mama akamwambia nyumba ya Moshono inaweza kupigwa mnada. Mama ni mwalimu mstaafu, tangu siku hiyo presha haijashuka.

Mdogo wangu wa kiume anasema tuuze gari moja tumalize kelele, mteja yupo Karatu na ana hela mkononi. Mjomba anasema deni la maiti linazikwa na maiti, tusilipe hata senti. Mirathi hatujafungua. Nifanye nini jamani? Na hiyo karatasi nisaini au?

Chalii_Sakina

Pole sister. Mjomba yuko sahihi, deni limekwenda na mwenyewe. Badili laini, maisha yaendelee.

Mama_Ilyas

Chalii acha kupotosha watu. Abadili laini wakati benki wana namba yake ya NIDA, wanajua anapofanya kazi na anapolala? Dada pole sana kwa kumpoteza mzazi. Kuna mzee humu alikuwa mtu wa benki, nimemwita kwenye kundi letu jingine, subiri atapita.

Mstaafu_Majengo

Nimepita. Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Nianze na la Ijumaa. Hiyo karatasi usiisaini. Nimefanya kazi ya kukusanya madeni ya benki hapo Arusha na baadaye huku Moshi mpaka nilipostaafu, kwa hiyo huyo anayekupigia namjua bila kumwona. Mdaiwa akifariki, ofisa anabaki na faili lenye deni lakini halina mtu, na mkuu wake anataka kila faili liwe na mtu. Basi anaanza kupekua: katika familia hii nani anapokea simu, nani ana mshahara, nani ana aibu. Kijana wa kiume hapokei. Mjomba anafoka. Binti mkubwa anapokea, anasema "samahani kaka", anaomba muda. Karatasi inaandikwa kwa jina lake. Ukisaini, utakuwa umetoa ahadi yako mwenyewe, kwa maandishi, ukiwa na akili timamu. Kuanzia hapo hawatakudai tena kwa ajili ya baba, watakudai kwa saini yako. Ukweli kwamba kabla ya hapo hukuwa na deni utakuwa hadithi ya kumsimulia hakimu.

Sasa sheria yenyewe. Hapa Tanzania mtoto halipi deni la mzazi eti kwa sababu ni mtoto, na mke halipi la mume eti kwa sababu ni mke. Deni la benki ni mkataba, na mkataba unambana aliyeuingia. Udugu hauandikwi kwenye fomu ya mkopo. Anayeweza kuguswa nje ya mkopaji ni aliyesaini kama mdhamini, aliyekopa naye kwa pamoja, au aliyeweka mali yake rehani. Mdhamini, tena, anabeba deni sawasawa na mkopaji. Hawezi kusema "anzeni na yeye kwanza" isipokuwa mkataba umempa nafasi hiyo.

Mjomba naye umwambie kwa heshima kwamba deni halizikwi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema ahadi ya mtu inawabana wawakilishi wake akifariki kabla ya kuitimiza, labda mkataba wenyewe uonyeshe vinginevyo. Mwakilishi ni msimamizi wa mirathi. Analipa kwa mali ya marehemu. Mfuko wake hauhusiki, na mifuko yenu haihusiki. Mali ikitosha, benki inalipwa yote. Isipotosha, inapata kinachopatikana na kilichobaki ni hasara yake. Msiwaonee huruma kwa hilo. Riba ya kadi iko juu kuliko mikopo mingine kwa sababu haina dhamana nyuma yake, na vifo vimeshahesabiwa humo.

Kwa hiyo swali ulilouliza, "nani analipa", jibu lake la kwanza ni: mali ya baba, kupitia mtu aliyeteuliwa na mahakama. Kwa sasa mtu huyo hayupo, na benki inajua hayupo, ndiyo maana inakukimbilia wewe.

Ila kuna mambo matatu siwezi kukujibu mpaka uniambie. Fomu ya kadi ya nyongeza ulisaini nini? Magari yako kwa jina la nani kwenye kadi ya gari? Na hiyo nyumba ya Moshono, kuna siku mama aliitwa benki kusaini chochote?

Wakati unatafuta majibu, mwambie mdogo wako aachane na mteja wa Karatu. Hili nalisema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Leo hii kijana hadaiwi hata shilingi mia. Akiuza gari la marehemu bila mamlaka ya mahakama, anakuwa amejiingiza katika mirathi, na sheria ya mirathi inamfanya awajibike kwa wadai kwa kiasi cha mali iliyopita mikononi mwake. Gari likiuzwa milioni 40, amejitengenezea deni ambalo hakuwa nalo, na hapo hata wadai wengine wa baba ambao hamjawasikia watamjia. Na huyo mnunuzi atakwenda kuhamisha umiliki TRA kwa saini ya nani? Atarudi kwenu na hasira zake.

Chalii_Sakina

Mzee nimekusoma. Nafuta kauli.

Binti_Moshono (mleta mada)

Asante sana mzee wangu, Mungu akubariki. Leo nimelala kidogo.

Fomu ya kadi sina nakala, nilisaini ofisini kwao, kurasa nyingi za Kiingereza, sikupewa kitu. Magari: moja kadi imeandikwa jina la baba, jingine limeandikwa jina la biashara yake. Sio kampuni ya limited, ni jina la biashara tu lililosajiliwa BRELA, nimeangalia cheti. Mama anasema hajawahi kuitwa benki kusaini chochote, na hati ya nyumba ipo kabatini kwake.

Kuna kitu kingine naona aibu kusema lakini bora niseme. Mdogo wangu alikuwa anajua namba ya siri ya baba. Wiki mbili baada ya mazishi alijaza mafuta magari yote mawili kwa kadi ya baba akampeleka mgeni Tarangire, booking ilikuwa imeshalipwa. Laki tano na kitu. Na mimi je, nikienda mahakamani nianzie wapi, Mahakama ya Mwanzo Maromboso au wapi? Sisi ni Wakristo, Wachagga.

Mstaafu_Majengo

Hati ipo kabatini? Basi nusu ya ugonjwa wa mama umepona. Mwambie hivi: nyumba haiuzwi kwa simu. Ili benki iuze nyumba ya familia lazima iwe imewekwa rehani, na rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 imeliweka hilo kifungu cha 59, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka mwenza ahusike. Hakuna rehani, hakuna mnada wa benki. Wakitaka mali wafungue kesi au walete dai kwenye mirathi, kama mdai mwingine yeyote, akiwemo fundi gereji anayemdai baba springi za nyuma. Sisemi nyumba haimo kabisa katika hesabu. Fungu la baba katika nyumba ni mali ya marehemu. Lakini fungu la mama ni la mama, alichangia kwa mshahara wake wa ualimu na kwa miaka yake, na mke haingii kwenye deni la kadi ambayo hakuisaini.

Magari. Jina la biashara na baba ni mtu mmoja. Hapo mjini kuna watu wengi wamechora neno "Safaris" mlangoni mwa gari wakidhani wana kampuni. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu mwingine kisheria: ina mali yake na madeni yake, na mwenye kampuni akifariki kinachoingia mirathi ni hisa zake. Jina la biashara halina ukuta huo. Kwa hiyo magari yote mawili ni mali ya marehemu, na deni la kadi ni deni la marehemu hata kama lote lilikwenda kwenye viingilio vya hifadhi. Kwa upande wenu si habari mbaya. Mali ipo, inaonekana kutosha, na mtalipa kwa utaratibu bila mtu kuuza shamba lake.

Mafuta ya kijana. Umefanya vizuri kusema. Mtu akifariki, ruhusa ya kutumia kadi yake imekwisha siku hiyo hiyo, na ya nyongeza vilevile kwa kuwa inaning'inia kwenye akaunti ile ile. Kilichotumika baada ya tarehe ya kifo si deni la marehemu, ni la aliyeingiza namba ya siri, na benki ikiamua kulikuza linaweza kufika polisi kama kosa la jinai, tofauti na deni lenyewe ambalo ni la madai na polisi hawana kazi nalo. Dawa yake ni nyepesi mkiwahi. Kijana alipe ile laki tano kwenye akaunti ya kadi, aandike maelezo kwenye hati ya malipo kwamba ni marejesho ya manunuzi ya tarehe fulani, mtunze risiti. Halafu kadi zote mbili zirudishwe benki kwa barua, pamoja na nakala ya cheti cha kifo, mkitaka akaunti isimamishwe na riba isiendelee kupanda wakati mirathi inafunguliwa. Riba si lazima waisimamishe, lakini nimeona wakikubali, hasa wakishaona familia ina msimamizi anayekuja na si watu wa kujificha.

Sasa wewe na kadi yako. Kwa kawaida mwenye akaunti kuu ndiye anayebeba matumizi yote, ya kadi yake na ya nyongeza. Lakini nimewahi kuona fomu ambazo mwenye kadi ya nyongeza naye anasaini kwamba atawajibika pamoja na mwenye akaunti, kila mmoja kwa deni lote. Ndiyo maana usibishane na ofisa kwenye simu. Andika barua. Omba nakala ya fomu uliyosaini, masharti ya kadi yaliyokuwa yanatumika wakati huo, na taarifa ya akaunti tangu mwanzo ikionyesha kadi ipi ililipia nini. Peleka nakala mbili, moja wakugongee mhuri wa kupokea, ondoka nayo. Akikataa kugonga mhuri omba umwone meneja. Hata kama ikionekana ulisaini kuwajibika, utajua kwa kiasi gani, na benki italazimika kuonyesha karatasi badala ya sauti.

Ofisa akipiga tena mwambie hivi tu: "Baba amefariki, familia inafungua mirathi, leteni dai lenu kwa maandishi kwa msimamizi." Usiseme "nitalipa", usiseme "nitajitahidi", usitume hata elfu hamsini ya kumtuliza. Ukianza kulipa kidogo kidogo kwa jina lako, kesho watasema ulikubali.

Mahakama. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Wachagga wengi Wakristo huanzia huko kwa msingi wa mila, lakini akitokea ndugu mwenye kinyongo anaweza kupinga kwamba marehemu hakuishi kimila, na mkarudi mwanzo. Baba aliyekuwa na ndoa ya kanisani, biashara mjini na nyumba yenye hati, mimi ningeuliza kwanza dirishani pale Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, mkaelekezwa kama ni Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Nendeni na cheti cha kifo cha RITA na muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na waliohudhuria. Chagueni msimamizi mwenye subira. Mdogo wako apumzike.

Msimamizi akishateuliwa anakusanya mali, analipa madeni, ndipo anagawa. Gharama za mazishi na za ugonjwa wa mwisho hutangulia, kwa hiyo tunzeni risiti za hospitali, jeneza, hata basi la kwenda Marangu. Kwa mahakama za juu anatakiwa kupeleka orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu kamili ndani ya mwaka 1. Akiwagawia warithi huku anajua kuna mdai hajalipwa, hapo sasa mfuko wake unahusika.

Abuu_Ngarenaro

Mzee umeeleza vyema. Kwetu Waislamu hili halina mjadala, deni linatangulia mgawo wa urithi, Qurani imelitaja katika Suratun Nisaa pamoja na wosia. Maiti akizikwa imamu anauliza palepale nani anamdai. Nataka kuongeza kitu kimoja. Mimi baba yangu alipofariki mali yake haikutosha, tukachanga watoto tukamalizia. Sheria haikutulazimisha. Tulitaka baba apumzike. Sasa msimwambie binti asilipe kabisa kama moyo wake unamtuma.

Mstaafu_Majengo

Abuu, hilo la heri sana na siwezi kulipinga. Hata kwetu Uchaggani siku ya kuondoa matanga mkubwa wa ukoo husimama akasema anayemdai marehemu ajitokeze, na nimeona watoto wakilipa madeni ya ng'ombe wa miaka ya nyuma ambayo hayana karatasi yoyote duniani. Ninachotaka ni atofautishe. Kumlipia baba kwa mapenzi ni zawadi: unakwenda na kiasi chako, unalipa mara moja, risiti inaandikwa jina la marehemu, unarudi nyumbani. Kusaini laki saba kwa mwezi ni kuolewa na benki. Na kabla ya kutoa zawadi mtu ahakikishe deni ni la kweli na hakuna mwingine anayepaswa kulilipa, na hapo kuna swali nililosahau kukuuliza, binti: je, kadi ya baba ilikuwa na bima?

Mama_Ilyas

Mzee samahani nadandia. Marehemu mume wangu alikopa kwenye programu ya simu, hizi za kausha damu, zenye riba ya kuumiza. Sikujua mpaka walipoanza kutuma meseji kwa watu wote waliokuwa kwenye simu yake, mpaka kwa mwalimu wa mwanangu, wakisema mimi ni mdhamini. Sijawahi kusaini popote.

Mstaafu_Majengo

Mama Ilyas, namba yako kuwa kwenye simu ya mtu haikufanyi mdhamini. Udhamini unatoka kwako mwenyewe, hauchukuliwi kwenye orodha ya majina. Na angalia kama hao wamesajiliwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, na mwongozo wake wa mwaka huo huo unakataza kumdhalilisha mkopaji kwa kusambazia watu wengine deni lake. Zaidi ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake inapokea malalamiko. Hifadhi zile meseji zote kama zilivyo, piga picha skrini namba ionekane, mwombe na yule mwalimu ya kwake. Usiwajibu. Ukijibu kwa hasira unawapa cha kunukuu.

Mangi_Kiborloni

Mzee mimi nina duka. Mke wa mtu akikopa unga, sukari na sabuni kwangu, mume akaja kusema "mimi sikukopa", je? Maana ninayo madaftari mawili.

Mstaafu_Majengo

Mangi, hapo ndipo kuna upekee. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 64, inachukulia kwamba mke ana ruhusa ya kukopa kwa jina la mume mahitaji ya lazima yake na ya watoto, kwa kadiri ya kipato cha mume na maisha yao. Unga, sukari, sabuni, dawa ya mtoto: mwambie mume alipe na umtajie kifungu. Kama ni katoni za wine za kikoba cha Jumamosi, hilo mdai mwenyewe aliyekunywa. Na ukikaa na daftari zaidi ya miaka 6 bila kudai, mahakama haitakusikiliza, huo ndio ukomo wa madai ya mikataba.

Dada_wa_Dallas

Nawasoma nikiwa mbali, Marekani, kwetu ni Machame. Binti, ukitafuta swali lako kwenye intaneti utapata majibu mengi ya Marekani, usiyachukue yalivyo. Huku pia kadi ya marehemu inalipwa na mali yake, na mwenye kadi ya nyongeza kwa kawaida hadaiwi, anayedaiwa ni mwenye akaunti ya pamoja. Lakini kuna majimbo kama Texas hapa nilipo na California ambako mali iliyochumwa ndani ya ndoa inahesabiwa ya wote wawili, kwa hiyo mjane anaweza kuguswa kwa namna ambayo Tanzania haipo. Shemeji yangu alisoma hayo akamtisha mama yake wa Moshi bila sababu.

Binti_Moshono (mleta mada)

Wapendwa nimerudi. Nilipeleka barua, wakanizungusha mapokezi, nikasema sitoki bila mhuri, nikapata. Kijana amerudisha hela ya mafuta, risiti ninayo. Kadi tumezirudisha. Mteja wa Karatu kaambiwa asubiri, kanuna.

Siku ya tano wakanipa taarifa ya akaunti na fomu yangu. Kwenye fomu nimesaini kutunza kadi na namba ya siri tu, wajibu wa malipo umeandikwa ni wa mwenye akaunti kuu. Nimesoma mara mbili na mwanasheria mmoja wa kanisani kwetu naye kasoma.

Halafu mzee, ulichouliza. Kila mwisho wa mwezi kuna makato madogo, yameandikwa bima. Yapo mpaka mwezi aliofariki. Nilipomuuliza yule ofisa akanyamaza kidogo akasema "hilo ni la idara nyingine".

Mstaafu_Majengo

Idara nyingine! Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza.

Mwanangu, sikiliza. Hiyo inaweza kuwa bima ya maisha ya mkopo: mkopaji akifariki, kampuni ya bima inailipa benki salio. Sisemi ni hiyo kwa hakika, kuna kadi zinakata bima ya wizi wa kadi tu. Andika barua nyingine leo leo, omba jina la kampuni ya bima, nakala ya masharti, na fomu ya madai. Bima nyingi zina muda wa kutoa taarifa ya kifo, na huo muda ukipita wanaweza kukataa, kwa hiyo usisubiri msimamizi ateuliwe, toa taarifa tu na uambatishe cheti cha kifo. Andika pia kwamba benki iliarifiwa kifo tarehe ile ya barua ya kwanza yenye mhuri. Uliza na kuhusu ugonjwa, maana masharti mengine hayalipi ugonjwa uliokuwepo kabla ya kadi.

Bima ikilipa, benki haina dai kwenye magari. Ikikataa, wakupe sababu kwa maandishi, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili hiyo. Benki ikikuzungusha, maliza kwanza ngazi ya malalamiko ndani ya benki yenyewe, halafu peleka kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Watataka kuona ulianzia benki, ndiyo maana ya ile mihuri.

Mirathi endeleeni nayo vilevile, hata deni likiisha. Magari hayawezi kubaki na jina la baba, leseni ya biashara haiwezi kukatwa kwa jina lake, na msimu wa wageni wa Juni umeshafika.

Binti_Moshono (mleta mada)

Barua imekwenda leo saa nne asubuhi, mhuri upo. Kikao cha ukoo ni Jumamosi Marangu, mama kasema msimamizi awe shangazi kwa sababu ndiye pekee mjomba anamwogopa. Nikijibiwa kuhusu bima nitaleta mrejesho hapa.